Cheti cha Mwenendo Mwema Kikipitwa na Wakati

Askari akimaliza utumishi wake jeshini na kurudi nyumbani Uthiru, kazi ya kwanza inayomjia akilini mara nyingi ni ya ulinzi: benki, ghala, shule au ofisi za mjini. Wengine walienda mbali zaidi. Miaka ya 2000 kuna Wakenya waliowahi kuwa wanajeshi walioajiriwa kulinda kambi za Wamarekani huko Iraki. Mtu huyu ana nidhamu, ana mafunzo na ana karatasi zake za kutoka jeshini. Lakini mwajiri anaomba cheti cha mwenendo mwema, kile wengi tunakiita tu good conduct, naye anatoa kile cha miaka mitatu iliyopita. Anaambiwa, "Hiki kimezeeka, lete kingine kufikia Ijumaa." Hapo ndipo kazi huponyoka.

Karatasi ya jeshi haichukui nafasi ya cheti cha polisi, hata kama imekusifu. Ile inasimulia ulivyotumikia jeshi. Cheti hutolewa na idara ya upelelezi, yaani DCI, baada ya kulinganisha alama za vidole vyako na rekodi zake za uhalifu. Kwa sababu hiyo kinaeleza hali ilivyokuwa siku kilipotolewa tu. Waajiri wengi hukikubali kwa mwaka mmoja, na wengine hutaka kisichozidi miezi sita. Muulize mwajiri kabla hujalipa.

Watu husema "nataka ku-renew." Ukweli ni kwamba hakuna kugongewa muhuri kwenye cheti cha zamani. Unaomba upya, unalipa upya, na vidole vinachukuliwa upya. Maombi hufanywa kwa eCitizen, na ada imekuwa shilingi 1,050. Ukishalipa, unachapisha fomu ya C24 pamoja na risiti, unachukua kitambulisho chako halisi na nakala yake, kisha unaenda kuchukuliwa alama za vidole. Kwa mtu wa Uthiru, mahali pamoja pa kwenda ni Huduma Centre ya GPO, pale Posta Kuu mjini, iliyofunguliwa mwaka 2013. Ukipenda, nenda makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Cheti kikiwa tayari unakitoa kwenye akaunti yako ya eCitizen.

Hiyo akaunti iwe yako kweli. Wengi wetu hufunguliwa na kijana wa saiba, kwa namba ya simu yake na neno la siri analolijua yeye peke yake. Siku cheti kinatoka, kijana amehama! Kaa naye, andika kila kitu kwenye daftari lako.

Jambo lingine ni mikono. Aliyetoka jeshini halafu akashinda miezi kwenye mjengo au machimbo ya mawe, vidole vyake huwa vimechubuka, na alama zikitoka hafifu fomu yaweza kukataliwa. Pumzisha mikono siku chache, na uende ikiwa safi na mikavu.

Halafu kuna broka anayesema atakuletea cheti bila wewe kwenda popote. Cheti bila vidole kitatoka wapi? Kughushi hati ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake chaweza kufika miaka mitatu. Fikiria mtu aliyeanza safari akitafuta cheti cha kuonyesha hana rekodi, akamaliza akiwa nayo.

Huko Marekani, kibali cha usalama cha aliyetoka jeshini hulala asipokitumia kwa muda mrefu, na mwajiri ndiye humwombea kingine. Kwetu mzigo uko kwa anayetafuta kazi, ambaye hajapata mshahara. Hapa kikundi chaweza kusaidia: mkopo mdogo wa ada na nauli, urudishwe mshahara wa kwanza ukiingia. Mweka hazina aandike pia tarehe ya cheti cha kila mwanachama anayetafuta kazi, ili akumbushwe mapema. Kikitolewa leo saa inaanza kuhesabu leo, kwa hiyo asiombe kabla hajaanza kutafuta kazi kwa dhati, wala asingoje siku ya mahojiano, maana majibu yaweza kuchukua siku chache au majuma kadhaa.

Anayeenda kufanya kazi nje ya nchi aulize pia kama cheti kinahitaji kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje. Hiyo ni safari nyingine ya mjini, na ada nyingine.