Majengo ya Kabete na Darasa la Watu Wazima

Ukitoka katikati ya jiji la Nairobi, ukapita Westlands na kuishika njia ya Lower Kabete, utafika penye chuo wanakofunzwa watumishi wa serikali. Tulipopita hapo juzi tulikuwa na mama mmoja wa huku kwetu pwani, aliyehamia Kawangware kwa mwanawe. Alituuliza, "Sheikh, hapa zamani palikuwa nini?" Swali lake ndilo lililozaa makala haya.

Mwaka 1925 hapo palifunguliwa Shule ya Jeanes, iliyowaandaa walimu wa kuzungukia shule za vijijini, wao pamoja na wake zao. Jina hilo ni la Anna Jeanes, bibi wa Philadelphia aliyeacha mali yake kwa ajili ya shule za watu weusi wa kusini mwa Marekani. Vilipozuka Vita vya Pili, majengo yakaingia mikononi mwa jeshi. Ajabu ni kuwa jeshi nalo liliyafanya darasa: walimu wa kikosi cha elimu cha askari wa Afrika Mashariki walifunzwa humo, kisha wakasomeshe wenzao vikosini. Mtu aliyetoka kwao hajui alifu wala A alirudi kutoka Burma akijiandikia barua.

Wanaolishangaa jambo hili na wakumbuke sira: imepokewa kwamba baadhi ya mateka wa Badri walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina kuandika.

Baada ya vita majengo yalirudi kwa raia, na wakaja watu wazima wa kila namna: wenye maduka madogo, watumishi wa maendeleo, na akina mama, ambao katika masomo yao ndimo kilimochipuka chama cha Maendeleo ya Wanawake, mwaka 1952. Mwaka 1961 pakawa chuo cha utawala.

Turudi kwa mama yetu. Msahafu huusoma bila kigugumizi, na barua ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu aliandika tangu utotoni. Lakini serikalini huhesabiwa kuwa hajui kusoma, na ujumbe wa pesa ukiingia katika simu yake humpa kijana wa jirani amsomee. Mara moja kijana huyo alimsomea pungufu. Ndipo akajiunga na darasa la gumbaru, lililokuwa katika chumba cha madrasa, mpaka watoto walipozidi na watu wazima wakatolewa nje.

Nairobi ya magharibi ina kambi na majengo ya jeshi yenye kumbi ambazo, kwa macho yetu, hazijai kila siku. Tunafahamu kwa nini lango la kambi halifunguliwi ovyo. Nchi hii imeonja mabomu. Hata hivyo, wanafunzi ishirini wenye vitambulisho, wengi wao mabibi, si jambo lisilowezekana, na kuomba si aibu.

Basi wameomba. Barua ya kutaka ukumbi kwa saa mbili kila Jumamosi waliiandika wenyewe, na mwalimu akawasahihishia herufi tu. Penye nafasi ya kutia dole gumba, mama yetu aliusukuma kando wino, akaandika jina lake lote, matatu. Jibu bado tunalingoja.