Kinyonga wa Gatina na Kisahani cha Maji

Bwana mmoja mzaliwa wa Lamu, aliyekuja Nairobi kwa kazi na sasa amepanga Gatina, upande wa Kawangware, alinisimamisha baada ya sala ya Alasiri akaniuliza mambo mawili. Mwanawe ameokota kinyonga siku ua wa jirani ulipokatwa ili ghorofa ijengwe, akamtia ndani ya sanduku la viatu pamoja na kisahani cha maji na kipande cha nyanya. Siku ya tatu hii, hajala wala hajanywa. Afanye nini? Na je, wakati wa Idi anaweza kushuka naye Mombasa, akamwache kwa bibi yake penye bustani?

Maswali hayo yana majibu, lakini kwanza tumtoe kinyonga katika midomo ya watu, maana mwenye kumdhania mabaya hawezi kumtunza. Mwanasiasa akihama chama twamwita kinyonga. Rafiki akigeuka, kinyonga. Kana kwamba mnyama huyu hubadili rangi kwa unafiki, apate kufanana na kila anapokaa. Sivyo. Rangi yake aghalabu ni habari ya hali yake: ana baridi, ana hofu, ana hasira, au amemwona dume mwenziwe. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga waliyemchunguza mna chembe ndogo mno mfano wa fuwele, naye akizisogeza mbali mbali au karibu karibu, nuru hurudi kwa rangi nyingine. Asubuhi ya baridi hupiga weusi ili alinywe jua. Waarabu wa kale walimwita hirbaa, na sifa yake kwao ilikuwa kuligeukia jua kila liendapo. Huyo si mnafiki, ni mwenye kuota jua.

Halafu kuna ile habari kwamba kinyonga akizaa hupasuka tumbo akafa. Nayo haina mguu wa kusimamia. Kinyonga wetu wa Pwani hutaga mayai akayafukia mchangani. Yule wa Nairobi, ambaye dume wake ana pembe tatu usoni kama kifaru mdogo, hazai mayai bali huzaa watoto, pengine thelathini kwa mara moja, na kila mtoto hutoka amevikwa ngozi laini yenye kunata, akaichana mwenyewe. Yamkini mtu aliona ngozi zile zikichanika akadhani ni tumbo la mama. Na majirani zetu wa bara, Wakikuyu wakiwamo, wana kisa cha kinyonga aliyetumwa awaambie wanadamu kwamba hawatakufa, akachelewa njiani, ndege akamtangulia na habari ya mauti. Si ajabu basi kwamba watoto humpiga mawe. (Ama mjusi kafiri ana habari yake kwa wanazuoni, tusimchanganye na huyu.)

Sasa sheria, maana hapa watu wengi hujikwaa. Kwa Sheria ya Wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013, huwezi kumchukua mnyama wa mwituni ukamfuga nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hata kama umemwokota kwenye ua wa shamba lako. Asiyeamini kwamba Serikali huangalia viumbe vidogo na akumbuke mwezi wa Mei 2025, mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ilipowatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela miezi kumi na miwili, kwa ajili ya sisimizi. Ndiyo, sisimizi! Basi kinyonga aliyeokotwa apelekewe habari shirika hilo. Ninayoyaeleza hapa ni ya kumhifadhi mgeni wa siku chache, ingawa yatawafaa pia jamaa zetu walioko Ulaya na Marekani, ambako huuzwa madukani kwa halali.

Kila aliyepita chuoni amesikia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka: alimfunga asimlishe, wala asimwache akajitafutia wadudu wa ardhini. Tazama kwamba lawama ina pande mbili, kutolisha na kutoacha. Mwana wa bwana yule hakukusudia ubaya; alitia nyanya na maji. Lakini kwa kinyonga, nyanya si chakula na kisahani si maji.

Tuanze na maji, kwa sababu kiu humwua kabla ya njaa. Kinyonga hayatambui maji yaliyotulia. Kule mtini hunywa umande na matone ya mvua yanayoteremka juu ya majani, na asipoona kitu kinachong'aa na kudondoka atakufa kiu kando ya bakuli lililojaa. Dawa yake ni chupa ya kupulizia maji: yalowanishe majani asubuhi na jioni, polepole, kwa dakika kadhaa, kwani hachukui hatua ya haraka katika jambo lolote. Au toboa kopo tundu la sindano, ulitundike juu ya tawi, lidondoshe tone baada ya tone. Ukiona macho yamezama ndani, ujue kiu imemshika. Akiwa na macho yamefumbwa mchana, huyo ni mgonjwa.

Sanduku la viatu litupwe. Chupa na kioo navyo havifai: hewa husimama, naye akijiona kivuli chake hudhani ni adui. Atafutiwe kizimba kirefu cha wavu, matawi yaende juu, majani yawe mengi kiasi cha kuweza kujificha asionekane. Asiwekwe wawili, na hasa madume. Kisha aachwe. Huu ndio ugumu wenyewe, kwa mtoto hata kwa mtu mzima, maana mgeni wetu wa kawaida twamkaribisha kwa kumketisha karibu na kumshika mkono; huyu heshima yake ni kutoguswa. Kila anaposhikwa huona amekamatwa na ndege. Kwa siku za kwanza anaweza kukataa kula kabisa, wala asilazimishwe kufumbuliwa kinywa. Anywe, apate jua na kivuli, na atulie.

Akitulia, atakula kinachotembea. Jicho moja hutazama mbele na jingine nyuma, mpaka nzi apite; hapo macho yote mawili hukutana, na ulimi uliozidi urefu wa kiwiliwili hutoka na kurudi kabla hujafumbua jicho. Mpe nyenje, panzi, nzi, viwavi visivyo na nywele, na kila mdudu asizidi upana wa baina ya macho yake. Wale nyenje nao walishwe kwanza sukuma wiki au karoti kwa siku moja, kwa sababu mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Jua la asubuhi, lisilopita katika kioo, ndilo humpa mifupa. Ila Gatina ina hatari ambayo msituni haipo: kombamwiko wa jikoni na nzi wa vyooni. Nyumba zimebanana, na kila mtu hupuliza dawa ya wadudu. Ukimlisha mdudu aliyekwisha nusa dawa ya jirani, umemlisha sumu. Kamata wadudu majanini, mbali na nyumba. Na kimulimuli asipewe hata mmoja, ana sumu yake mwenyewe.

Kuna kisa cha kweli kinachobainisha haya yote. Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama katika kisiwa cha Oahu, huko Hawaii, aliagiza makumi ya vinyonga hawa wa pembe tatu kutoka Kenya. Walifika wamekonda na kukaukiwa. Akawaachia katika bustani yake wapate nafuu, na kweli walipata, maana mvua na baridi ya kule inafanana na ya milima yetu. Walipata nafuu hata wakatoroka, wakazaana, wakaenea katika visiwa vingine, na leo ni usumbufu kwa wenyeji kwa kuwa wanakula konokono na wadudu wasiopatikana pengine popote duniani. Kenya ilipopiga marufuku kuwauza nje mwaka 1981, wafugaji wa Marekani wakawa wanachota kutoka huko huko Hawaii.

Hapo bwana wa Lamu atapata jibu la swali lake la pili. Hapana, asimshushe Mombasa. Huyu ni mtu wa nyanda za juu: mchana humtosha joto la nyuzi 20 hadi 27, na usiku ni lazima apoe sana, kama Nairobi inavyopoa. Mombasa usiku wa manane joto lingali kifuani, naye atadhoofika huku mikungu ya ndizi na mipera imemzunguka. Arudishwe ua ulio karibu na pale alipookotwa. Michongoma, ambayo watu wa Nairobi huiita kayaba, bado imesalia hapa na pale Gatina na kuelekea Lavington, na miiba yake humkinga na paka. Apelekwe asubuhi jua likiwa limepanda kidogo, atangulizwe kijiti mbele ya mikono apande mwenyewe, asing'olewe kwa nguvu, kisha kijiti kiegemezwe kwenye tawi.

Na mtoto akifika kwa bibi yake siku ya Idi, vinyonga wa Pwani wapo. Wachukue tochi baada ya Isha, wamulike vichaka taratibu. Kinyonga akilala rangi yake hupauka, na mwanga wa tochi humtoa wazi, yuko ncha ya tawi, mkia ameukunja kama pete.