Kuvuka Bahari Kutafuta Nasaba

(Haya ni maneno ya somo lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima. Msimamizi wa darasa awasomee wanafunzi tena polepole, kisha wasome wenyewe kwa zamu.)

Kaeni vizuri, na wenye macho mazito wasogee karibu na taa. Kila mtu afungue ukurasa mpya wa daftari lake, kwani leo kuna majina ya kuandika.

Watu wengi hupenda kujua asili ya ukoo wao. Kwa baadhi yetu jambo hili si gumu. Mzee yuko kijijini, makaburi yako kijijini, na mzee huyo aweza kutaja vizazi sita au saba kwa moyo. Lakini wako ambao ukoo wao ulikatwa katikati kama kamba, kwa sababu mkubwa wao mmoja alikamatwa akiwa mtoto, akapelekwa pwani, akauzwa. Kwa watu hao masimulizi ya nyumbani hufika mahali yakasimama. Kama liko neno zaidi, limo katika karatasi, na karatasi hizo mara nyingi ziko ng'ambo ya bahari.

Basi swali letu ni hili: mtu wa namna hiyo atapangaje safari ya kwenda kuzitazama, asije akatumia fedha za korosho za mwaka mzima na kurudi mikono mitupu?

Nimesema korosho kwa kuwa mfano wetu watoka Masasi. Sikilizeni kwanza habari yenyewe. Mwaka 1864 wamisionari wa Kiingereza wa chama kilichoitwa U.M.C.A. walihamia Unguja. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na baadhi ya watu waliotolewa humo, hasa watoto, walikabidhiwa kwa wamisionari hao. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Wale waliokombolewa wakapewa makao katika shamba la Mbweni, kusini ya mji. Wengi wao walikuwa wametoka mbali, upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alichukua watu zaidi ya hamsini wa Mbweni, wanaume kwa wanawake, akavuka nao mpaka Lindi. Toka Lindi wakaenda kwa miguu. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao, lakini walipofika Masasi waliiona nchi ni nzuri, wakajenga hapo. Miaka sita baadaye, mwaka 1882, Magwangwara, yaani Wangoni wa upande wa Songea, waliishambulia Masasi, na baadhi ya watu waliokuwa wamekwisha kuonja uhuru wakatekwa mara ya pili. Hata leo wako watu wa Masasi ambao wakubwa wao walikuwamo katika msafara ule wa Mbweni.

Sasa tuseme mama mmoja wa huko ataka kujua habari za mkubwa wake aliyekuja na msafara huo. Ajua kwamba alibatizwa Marta. Zaidi ya hapo hajui. Je, apande boti kesho?

La. Mama huyo hana budi kuanza nyumbani, na kazi ya nyumbani ndiyo nusu ya safari. Karani wa nyumba ya nyaraka hawezi kukusaidia ukimwambia, "Nataka habari za ukoo wangu." Atakuuliza mambo matatu: jina gani, mahali gani, mwaka gani. Ukiwa na mawili katika hayo, aweza kukutolea daftari. Ukiwa na moja tu, utafungua makaratasi mpaka macho yaume.

Kwa hiyo nenda kwa wazee. Usiende na daftari mkononi kama karani wa kodi. Kaa kwanza, zungumzeni. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha uliza juu ya vitu, usiulize juu ya utumwa. Uliza, "Bibi, mama yako alikuwa akibembeleza watoto kwa wimbo gani? Kuna nyama tusiyokula sisi? Bibi Marta alikuwa na chale usoni? Alizikwa wapi?" Wimbo wenye maneno ya Kiyao au ya Kimakua, au mwiko wa chakula, waweza kukuonyesha upande aliotoka kuliko karatasi yoyote. Tena kumbukeni kwamba Wayao na Wamakua huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtu akifuata majina ya baba peke yake, kama tulivyozoezwa na fomu za serikali, aweza kupotea kabisa.

Wazee wengine watanyamaza. Neno mtumwa lilikuwa tusi, na katika nyumba nyingi mtoto alipigwa kwa kuuliza. Mzee akikataa, mwache. Pengine atakuita mwenyewe baada ya mwezi. Mimi naona si haki kumbana mzee wa miaka themanini kana kwamba yuko kizimbani, hata kama tarehe ya boti imekaribia.

Baada ya wazee, nenda kanisani. Daftari za ubatizo, za ndoa na za maziko huandikwa na kanisa lenyewe. Omba kwa adabu kutazama zile za zamani. Kama mkubwa wako alikuwa Mwislamu, uliza msikitini, kwa kadhi, na kwa jamaa wenye hati za mirathi au za wakfu. Huko Unguja hati za namna hii ni nyingi, na nyingine zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu ingawa maneno ni ya Kiswahili.

Sasa natulie kidogo hapa kwenye majina, maana hapa ndipo wengi hukwama. Mtoto aliyekamatwa alikuwa na jina alilopewa na mama yake. Pwani akapewa jina jingine, mathalani Mabruki, Feruzi, Almasi, Zafarani au Majaliwa. (Mwenye jina kama hilo leo asishituke, majina hayo ni mazuri, na waungwana pia waliitwa hivyo.) Alipobatizwa akapewa jina la tatu. Basi mtu mmoja ana majina matatu, na kila daftari lina moja. Zaidi ya hayo, karani wa Kiingereza aliandika kama sikio lake lilivyosikia. Feruzi aweza kuandikwa Ferooz, na Songoro akawa Songolo. Ukitafuta kwa herufi za leo tu, utampita mtu wako bila kumtambua. Andika jina kwa kila namna uwezayo kulitamka, uende na orodha hiyo.

Kabila nalo lataka hadhari. Daftari likisema "Mnyasa", maana yake si kabila moja. Watu wa pwani waliwaita Wanyasa watu wa makabila mbalimbali waliotoka upande wa ziwa. Na umri ulikisiwa kwa macho. Mtoto aliyeandikwa kuwa ana miaka minane huenda alikuwa na kumi na moja.

Mama yetu sasa ana karatasi moja yenye majina, mahali na miaka. Aende wapi? Naona aanze na Zanzibar. Nyaraka za Taifa zimewekwa Kilimani, si mbali na Mji Mkongwe. Humo mna karatasi za ubalozi wa Kiingereza tangu zamani za masultani, madaftari ya watu waliopewa uhuru, hati za mahakama, na karatasi za wamisionari. Mna pia karatasi za baada ya mwaka 1897, sheria ilipotangaza kwamba mahakama hazitautambua utumwa tena. Sheria hiyo haikumfungua kila mtu siku moja; aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende kuuomba, na maombi hayo yaliandikwa.

Boti ya abiria toka Dar es Salaam huchukua saa mbili hivi. Shida si bahari. Shida ni mtu kufika mlangoni bila ruhusa. Aandike barua kabla, kwa posta au kwa barua pepe, na asubiri jibu. Barua iwe fupi, kama hivi:

"Naomba ruhusa ya kusoma nyaraka za watu waliokombolewa na kukaa Mbweni kati ya mwaka 1873 na 1876. Namtafuta mwanamke wa ukoo wangu aliyebatizwa Marta, aliyehamia Masasi na Askofu Steere. Natumaini kufika mwezi wa Julai kwa siku tano. Tafadhali nijulisheni masharti, ada, saa za kazi, na kama yaruhusiwa kupiga picha."

Mnaona? Jina, mahali, mwaka. Na atazame kalenda kabla ya kuchagua siku. Mwezi wa Ramadhani saa za kazi hupunguzwa, na tarehe 12 Januari ni sikukuu ya Mapinduzi. Ingefaa waende watu wawili, mmoja ajuaye habari za ukoo na mwingine asomaye Kiingereza vizuri, kwa kuwa hati nyingi zimeandikwa kwa mkono wa Kiingereza wa zamani, na hata msomi huusoma kwa taabu. Wachukue penseli, kwani wino huchafua karatasi za kale na katika nyumba nyingi za nyaraka haukubaliwi. Na kila wanaponakili neno, waandike pembeni namba ya jalada. Neno lisilo na namba halipatikani tena.

Jioni moja waende Mbweni. Kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa enzi zile liko bado.

Iko safari ya pili, iliyo ndefu. Karatasi nyingi za U.M.C.A. zilipelekwa Uingereza, na sasa ziko katika mji wa Oxford, katika maktaba iitwayo Bodleian. Humo zimo barua za wamisionari waliowajua watu hawa kwa majina. Tena katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, mahali paitwapo Kew mjini London, liko fungu lenye alama FO 84, la barua za serikali juu ya biashara ya watumwa mpaka mwaka 1892. Humo mna habari za majahazi yaliyokamatwa. Lakini nawaonya: mara nyingi manowari iliandika hesabu tu, wanaume kadha, wanawake kadha, watoto kadha, bila majina.

Kusoma Kew hakuna malipo, ila ni lazima uwe na tikiti ya msomaji, na hupewi bila kitambulisho. Oxford utatakiwa kuahidi kwamba hutaingia na moto wala kuwasha moto ndani, ahadi ya miaka mingi, na wengine huisoma kwa sauti mbele ya karani. Karatasi zenyewe ziagizwe siku kadha kabla, kwani si zote zinazokaa katika jengo hilo.

Gharama ni kubwa. Mtanzania ataka viza, na ombi likikataliwa ada yake hairudishwi. Ziko nauli, chumba na chakula katika nchi ya bei kali. Kwa sababu hiyo, mimi simshauri mtu auze shamba kwa ajili ya Oxford. Aandike barua kwanza, aulize kama jalada fulani lipo na nakala yake yauzwa kwa bei gani. Mara nyingi picha ya kurasa kumi itamfaa kuliko tikiti ya ndege. Aende yeye mwenyewe pale tu alipojua ni jalada lipi ataliomba, na kwa nini macho yake ndiyo yanayohitajika.

Na akipata, atapata nini? Huenda ni mstari mmoja tu: jina, "msichana, miaka minane, Myao", na tarehe ya jahazi. Kijiji alichozaliwa mara nyingi hakimo. Mtu avuke bahari akijua hivyo. Lakini wako wanaoona mstari huo watosha, kwa kuwa ndani yake mkubwa wao ana jina, hayumo tena katika hesabu ya watoto kadha.

Sasa kazi ya darasa. Andikeni jina la mama yenu, chini yake jina la mama yake, na chini ya hilo jina la mama wa huyo. Mbele ya kila jina andikeni alikozikwa. Asiyejua aache nafasi wazi, akaulize nyumbani. Asiyeweza kuandika vizuri asaidiwe na jirani yake. Juma lijalo tutajifunza kuandika bahasha na anwani, ili barua ile iweze kupelekwa. Kwaherini.