"Niko zubakwa": Msemo Unaofunga Mdomo

Kwa nini mtu humvumilia mwenzi anayempiga? Sababu ni nyingi: hofu, watoto, umaskini, aibu, na tumaini kwamba atabadilika. Lugha nayo imo. Hapa Rwanda anayelalamika huambiwa, "Niko zubakwa", yaani ndivyo nyumba zinavyojengwa. Kitenzi hicho ni cha kauli ya kutendwa: mtenda hatajwi, na mpigaji hujificha humo. Kiswahili nacho huongeza, "Mvumilivu hula mbivu". Sheria ya mwaka 2008 iliharamisha ukatili huo. Mwaka 2009 kituo cha Isange kilifunguliwa Kacyiru, Kigali, kuwapokea waathirika. Walimu wenzangu, tunapofundisha methali tufundishe na mipaka yake: shida huvumiliwa, kipigo huripotiwa.