Kabla ya Kuhamisha Jamaa Mjini

Kila mwaka jamaa nyingi za Kericho na Bomet hufunga mizigo na kuiacha nchi ya chai, ili kwenda kukaa Nakuru, Kisumu au Nairobi. Wengine wamepata kazi ya ofisi, wengine wamehamishwa na Serikali, na wengine wamepoteza kazi katika mashamba makubwa, ambako mashine sasa huchuma majani yaliyokuwa yakichumwa kwa mikono. Hao wote hukutana na swali moja: wakae mtaa gani? Mtu asiye na mke wala watoto aweza kulala popote, na akikosea huhama kesho na sanduku lake. Lakini mwenye jamaa akikosea, kosa lake huwalipisha watoto.

Swali hili ni jipya kwa watu wengi wa nchi ya chai. Kwa Wakipsigis, mtu huzaliwa katika kokwet, yaani ujirani wenye wazee wake wanaoamua magomvi na watu wake wanaosaidiana kazi. Hakuna aliyeuchagua ujirani huo, aliukuta. Katika mashamba makubwa pia, ambayo makampuni kama Brooke Bond na James Finlay yaliyaanzisha katika miaka ya 1920, nyumba ilikuja pamoja na kazi. Mfanyakazi alionyeshwa kambi yake, na baada ya miaka kambi nyingi zikapata bomba la maji, shule, zahanati na uwanja wa mpira. Mambo hayo yote kampuni ndiyo iliyoyapanga. Siku kazi ilipokwisha, nyumba nayo ilikwisha, na baba akajikuta lazima ayatafute mwenyewe yale yote aliyoyazoea kuyakuta tayari.

Miji nayo zamani haikuwa na nafasi ya jamaa. Nyumba nyingi walizojengewa Waafrika wa Nairobi kabla ya Vita Kuu ya Pili zilikuwa vyumba vya wanaume walioacha wake zao nyumbani. Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa ya kwanza kupangwa kwa ajili ya baba, mama na watoto. Nyumba zake ziliwekwa kuzunguka viwanja vya majani, na karibu yake pakawa na shule, zahanati na ukumbi wa mikutano. Mwaka 1954, kamati ya mishahara iliyoongozwa na Bwana F. W. Carpenter ilishauri kwamba mshahara wa Mwafrika utoshe kumlisha yeye na jamaa yake, si yeye peke yake. Waliopanga Kaloleni walijua jambo ambalo wapangaji wengi wa leo hulisahau: mtaa wa jamaa haupimwi kwa ukubwa wa chumba, bali kwa vitu ambavyo mama na mtoto waweza kuvifikia kwa miguu.

MAJI YATOKA WAPI?

Mtu wa Kericho hafikirii sana habari ya maji. Mvua ya huko huzidi milimita 1,800 kwa mwaka, na mito yake hushuka kutoka msitu wa Mau. Akifika mjini, hilo liwe swali lake la kwanza.

Nakuru, iliyofanywa kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021, iko mwendo wa kilomita zipatazo 105 kutoka Kericho, na wengi huipenda kwa sababu si mbali na nyumbani. Lakini maji ya visima virefu vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto anywaye maji yenye floraidi nyingi tangu uchanga hadi umri wa miaka 8 hivi, meno yake ya ukubwani huota na madoa ya kahawia, na madoa hayo hayatoki kwa mswaki. Wengine hudhani kuchemsha ndiyo dawa. Sivyo: maji yakichemka hupungua, na madini hubaki. Dawa ni kichungi cha mkaa wa mifupa, kama vile vinavyotengenezwa na Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru, au maji ya mvua, ambayo hayana floraidi ya kudhuru.

Kwa hiyo, mwenye watoto wadogo na aulize: Je, maji haya ni ya kisima au ya mto? Yamepimwa? Bomba hutoa maji siku ngapi kwa juma? Je, mwenye nyumba atakubali pipa liwekwe chini ya mfereji wa paa?

SHULE NA NJIA YA KWENDA SHULE

Tangu mwaka 2023, wanafunzi wa darasa la 7, 8 na 9 husomea katika viwanja vya shule za msingi. Maana yake ni kwamba mtoto aingiaye shule ya karibu aweza kukaa hapo miaka mingi, naye atapita njia ile ile asubuhi na jioni. Basi isitoshe kuitazama shule. Yafaa kuitembea njia yenyewe, siku ya kazi, saa moja ya asubuhi, wakati magari yamejaa.

Watu wa Kericho hawahitaji kufundishwa ukali wa barabara kuu. Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara, wengi wao wakiuza na kununua bidhaa, na watu zaidi ya 50 walikufa. Mtaa ulio upande mmoja wa barabara kuu, na shule iko upande wa pili, si mtaa wa watoto wadogo, hata kodi yake iwe ndogo namna gani.

HATARI ZISIZOONEKANA SIKU YA KWANZA

Nyumba hutazamwa mchana na wakati wa jua, nayo mchana na jua huficha mengi. Tarehe 29 Aprili 2016, usiku wa mvua kubwa, jengo la ghorofa nyingi lilianguka mtaani Huruma, Nairobi, na watu wapatao 50 wakafa. Jengo hilo lilikuwa karibu na mto, na lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Tarehe 1 Februari 2024, gesi ililipuka usiku huko Embakasi, mahali ilipokuwa ikijazwa katikati ya nyumba za watu. Miezi michache baadaye, mafuriko yalizikumba nyumba za kando ya mito ya Nairobi, na Serikali ikawaamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa mto waondoke.

Mambo hayo matatu yafundisha mpangaji kutazama si nyumba tu, bali na jirani ya nyumba. Yampasa atazame kama kuta zina nyufa au alama za rangi zilizoandikwa na halmashauri. Atazame mto uko umbali gani, na maji ya mwaka uliopita yalifika wapi. Atazame ni biashara gani inayofanywa nyuma ya ua. Tena aende mara mbili: mara moja mchana, na mara nyingine saa mbili ya usiku, ajue kama kuna taa njiani, na kama vilabu vya pombe vimekaa mlangoni pa watoto.

HESABU YA KODI

Wengi huchagua nyumba ya mbali kwa kuwa kodi yake ni ndogo. Yafaa hesabu ifanywe yote. Chukua mfano wa karani mwenye watoto wawili, anayechagua kati ya nyumba mbili. Ya kwanza iko mbali, kodi yake Sh. 9,000. Nauli ya baba kwenda na kurudi ni Sh. 160 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni Sh. 4,160. Watoto wake wawili hulipa Sh. 80 kila mmoja kwa siku. Kwa siku 20 za shule ni Sh. 3,200. Jumla yake ni Sh. 16,360. Nyumba ya pili ina kodi ya Sh. 13,000, na wote huenda kwa miguu. Iliyoonekana ghali ndiyo rahisi kwa Sh. 3,360 kila mwezi, na baba hufika nyumbani kabla watoto hawajalala. Wahenga walisema, rahisi ghali.

Kadhalika, fedha za amana zisitolewe bila hati. Mapatano yaandikwe: kodi ni kiasi gani, nani hulipa maji na taa, na amana itarudishwa kwa masharti gani.

JIRANI NA SHAMBA

Mjini hakuna kokwet, lakini ujirani waweza kujengwa. Dalali hulipwa nyumba ikipangishwa, kwa hiyo ushahidi wake usitoshe. Afadhali kumwuliza mwalimu wa shule ya mtaa, mwanamke auzaye mboga, au mzee wa kanisa. Aulizwe jambo moja tu: mtoto akiugua usiku, watu wa hapa hufanya nini? Jibu lake litaonyesha mtaa ulivyo. Ndugu waliobaki Litein au Sotik wana upendo, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka.

Wala shamba lisisahauliwe. Chai haimngoji mtu. Majani yataka kuchumwa kila baada ya siku 7 hadi 14, la sivyo hukomaa na kiwanda hukataa kuyapokea. Mwenye shamba anayehamisha jamaa nzima bila kupanga nani atasimamia uchumaji huenda akapata nyumba nzuri mjini na kupoteza malipo ya nyumbani.

Mwisho, nyumba isilipiwe kabla mama wa watoto hajaiona. Yeye ndiye atakayejua bomba likikauka, atakayesikia kelele za mchana, na atakayemtuma mtoto dukani. Baba aliyechagua peke yake kwa haraka mara nyingi hukodi gari la mizigo mara mbili katika mwaka mmoja, na kila mara watoto huanza upya katika shule ngeni. Nauli ya mama kwenda kuitazama nyumba ni ndogo kuliko hasara hiyo.