Kamera ndogo ya Malaba iliyomeza picha zangu za utotoni

UKIPITIA TikTok siku hizi utaona vijana wenzetu wakitamba na zile kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000. Wanazisaka Luthuli Avenue, wanapekua droo za wazazi, kisha wanapigana picha za sherehe kwa flashi kali inayofanya kila uso ung'ae kama sufuria mpya. Mimi yangu sikuinunua. Niliitoa Malaba, ndani ya mkoba uliokuwa ukining'inia nyuma ya mlango wa mjomba wangu, na haikuwa sababu ya mtindo. Nilikuwa natafuta uso wangu.

Iko hivi. Dada yangu alizaliwa 1996. Kwenye albamu ya nyumbani ana picha 11: yuko ndani ya beseni, analia, amekalishwa juu ya stuli ya studio mbele ya pazia lenye maua. Mimi nilizaliwa 2005, mwaka ambao mjomba alipata kamera ya kisasa, na sina hata moja. Nikiuliza naambiwa, "Wewe ulipigwa sana!" Sasa ziko wapi?

Ili uelewe lazima uijue biashara ya mjomba. Alianza na kamera ya filamu. Filamu moja ilibeba picha 36, na hakuna mpiga picha mwenye akili aliyeipeleka kusafishwa kabla haijaisha. Wateja wake wakubwa pale Malaba walikuwa madereva wa malori. Foleni ya kuvuka kwenda Uganda na kwingineko ingeweza kumweka mtu siku kadhaa, hana la kufanya ila kunywa chai na kungoja makaratasi ya forodha. Basi dereva anajipanga mbele ya lori, mkono mmoja juu ya bonneti, anapigwa picha ya kupelekea mke. Picha zikirudi kutoka studio, foleni imesonga na mwenyewe yuko Kampala. Mjomba anabaki na sura za wanaume asiowajua pamoja na deni la kuzisafisha.

Ndipo akanunua Canon PowerShot A75, modeli ya 2004, iliyokwisha kutumika. Megapikseli 3.2. Usicheke, kwa picha ya kushika mkononi hizo zilitosha kabisa. Nyuma ilikuwa na skrini ya inchi 1.8, ndogo kuliko kisanduku cha kiberiti. Asubuhi anapiga, anapanda matatu hadi Busia, mwendo wa kilomita 30 hivi, anachapisha kwenye duka lenye printa, na jioni amerudi na picha mkononi. Lori bado liko palepale.

Ile skrini ilimletea mambo ambayo hakuyatarajia. Zamani mteja alipewa kilichotoka, awe amefumba macho asifumbe. Sasa watu walianza kumzunguka: "Hebu nione. Aka, futa hiyo, piga tena." Akina mama wa sokoni ndio walikuwa wakali zaidi. Anasema kuna mmoja aliyekataa picha saba mfululizo, ya nane akaikubali, halafu akasema hana pesa.

Kamera ilitumia mawe manne, haya haya ya tochi. Yale ya bei rahisi yaliisha nguvu baada ya picha chache tu, mpaka alipojifunza kununua ya kuchaji. Lakini mawe hayakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa kadi.

Kadi iliyokuja na kamera hiyo ilikuwa ya megabaiti 32. Dakika moja ya video ya simu yako haingii humo. Kwa ubora wa juu ilibeba picha kama 20, basi. Mjomba hakuwa na kompyuta ya kuzihamishia. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kwenda barabarani, aliketi mlangoni na kuamua nani abaki na nani aende. Aliyelipa na kuchapishiwa, futa. Aliyetoroka, futa. Na wa nyumbani, ambao hawakuwahi kulipa, walikuwa wa kwanza kufutwa.

"Mjomba, hata mimi?"

"Picha ya dereva ilikuwa unga," alinijibu. "Yako ningepiga tena kesho."

Niliwauliza wenzangu wanne niliosoma nao shule ya msingi. Watatu hadithi ni ile ile: wakubwa wao wana albamu, wadogo wao wamejaa kwenye simu, wao hapo katikati hawapo. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alipounda kamera ya dijitali mwaka 1975, mashine yake ilichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Kufikia 2010 dunia ilikuwa ikiuziwa zaidi ya kamera milioni 120 kwa mwaka, kisha simu zikaja zikazimeza zote. Kwetu muda huo wa katikati ulipita bila karatasi.

Ndani ya ule mkoba, chini ya kamera, nilikuta ile kadi ya kwanza. Mjomba alikuwa ameiweka kando aliponunua kubwa zaidi. Ni ya aina ya CompactFlash, nene kama biskuti, na mafundi wa Busia waliitazama kama kitu cha makumbusho. Kifaa cha kuisoma nilikipata ng'ambo, Sofia, baada ya kuvuka kwa boda boda, usafiri uliopata jina lake kwenye mpaka huu huu.

Saiba moja upande wetu ikanisaidia kwa programu ya bure iitwayo PhotoRec. Picha ikifutwa kwenye kadi haiondoki papo hapo. Ni kama kung'oa namba ya mlango kwenye ploti: mpangaji bado yumo ndani, mpaka aletwe mwingine juu yake. Ndiyo maana ukipata kamera ya zamani yenye kadi yake, usianze kupiga selfi nayo. Toa kadi kwanza. (Na ukinunua inayotumia kadi za SD za kabla ya 2006, usihangaike na kadi ya GB 32. Haitaisoma, tafuta ya GB 2 kushuka.)

Zilitoka picha 14 nzima na vipande sita. Madereva, madereva, bonneti, mbuzi mmoja, arusi ya mtu. Kipande cha tano kilikuwa na nyumba yetu. Faili ya picha huandikwa kutoka juu kwenda chini, kwa hivyo nusu ya juu ilikuwa safi na chini ni kijivu kitupu. Mama ameketi kwenye kiti cha plastiki, anacheka, ana nywele za kusuka ambazo sijawahi kumwona nazo. Kifuani pake, pale kijivu kinapoanzia, kuna kofia ya manjano ya sufi na ncha ya sikio moja.

Nilimpelekea kwenye simu. Aliikuza, akaipunguza, akaikuza tena.

"Hiyo kofia nilinunua Sofia," akasema. "Ilikuwa inakubana. Ulilia siku nzima."