Mzazi Kumtoza Kodi Mwanawe Mkubwa: Ni Ijara, Nafaka au Wema?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Mzee mmoja wa Mahurunga, huku bondeni mwa Ruvuma, alinisubiri baada ya sala ya Isha hadi watu walipotawanyika. Akasema: "Sheikh, mwanangu ana miaka ishirini na sita, anaendesha bodaboda. Analala kwangu, anakula kwangu, na senti hatoi. Nikimwambia alipie chumba, ananijibu kuwa dini haimruhusu mzazi kumpangisha mtoto wake. Ni kweli?" Nilimwuliza kijana amelipata wapi neno hilo. Hakujua. Na mimi sijaliona katika kitabu chochote cha fiqhi.

Tatizo ni kwamba vijana wetu wengi huishia Safinatun-Najaa, nayo ni kitabu cha twahara, sala na ibada zinazofuatia. Milango ya mali haikuigusa. Mtu hutoka chuoni anajua vizuri nguzo za udhu, lakini hajui nguzo za ijara. Kisha anatoa fatwa uani kwa baba yake.

Tuanze na asili ya jambo. Nafaka ya mtoto, yaani chakula, mavazi na makazi, ni wajibu wa baba maadamu mtoto ni mdogo na hana mali yake. Sheria ya Mtoto ya nchi yetu ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni aliye chini ya miaka 18. Katika madhehebu yetu ya Shafii baleghe huthibiti kwa alama zake au kwa kutimia miaka 15 ya Hijria. Lakini tusidhani kuwa siku ya kubaleghe ndiyo siku ya kufungiwa mlango. Kinachoangaliwa katika nafaka ni uwezo wa kuchuma. Imam Nawawi katika Minhaj ameeleza kuwa aliye fakiri na hachumi kwa sababu ya udogo, wazimu au ulemavu, nafaka yake ni wajibu kwa jamaa yake. Ama asiyekuwa na sababu hizo, wanavyuoni wana kauli kadhaa, na Nawawi akaipa nguvu kauli ya tatu: mzazi aliye fakiri hulishwa na mwanawe hata kama mzazi huyo ana uwezo wa kufanya kazi, lakini mtoto mkubwa anayeweza kuchuma si wajibu wa baba yake kumlisha.

Itazame kauli hii vizuri, ndugu msomaji, maana ndani yake mna nusu ya jawabu. Sheria haikuwaweka mzazi na mtoto kwenye mizani moja. Mzee wa miaka sitini haambiwi "nenda kalime kwanza", bali kijana wa miaka ishirini na sita ndiye anayeambiwa hivyo. Kwa hiyo yule mwendesha bodaboda hana haki ya chumba kwa baba yake. Anakaa kwa ruhusa, na ruhusa hiyo kwa lugha ya fiqhi ni ariya, yaani kuazimwa. Mwenye kuazima anaweza kukitaka kitu chake wakati wowote, na anaweza pia kusema kwamba kuanzia mwezi ujao chumba hiki ni cha kodi. Ijara ni mkataba baina ya watu wawili wenye akili timamu na waliobaleghe, juu ya manufaa yanayojulikana, kwa ujira unaojulikana na muda unaojulikana. Udugu wa damu haukutajwa miongoni mwa vizuizi vyake. Basi kodi hiyo ni halali.

Lakini nilimwambia mzee asikimbilie kufurahi.

Kwanza, hawezi kudai ya nyuma. Miaka yote ambayo kijana amelala pale kwa ruhusa bila makubaliano ya kodi imepita, na hakuna deni. Nimeona wazazi wakipiga hesabu tangu mtoto alipomaliza darasa la saba. Hesabu hiyo haina msingi. Pili, ni lazima nyumba iwe yake. Huku kwetu hili si neno dogo. Wamakonde na Wamakua asili yao ni kufuata ukoo wa mama, na mara nyingi mwanamume huhamia kwa mkewe. Si ajabu kukuta baba anajiita mwenye nyumba, na kiwanja ni cha mama watoto, alichopewa na watu wake. Kupangisha mali ya mwingine bila idhini yake ni kazi ya fudhuli, na mkataba wake katika madhehebu yetu haujafungika. Mama ndiye wa kuulizwa.

Tatu, kuna uadilifu. Nuuman bin Bashir (r.a.) alipopewa zawadi na baba yake, Mtume (S.A.W.) aliuliza kama watoto wote wamepewa mfano wake, alipojibiwa hapana, akaamrisha watu wamche Allah na wafanye uadilifu baina ya watoto wao. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Imam Ahmad ameufanya usawa huo kuwa wajibu, na kwetu ni sunna ambayo kuiacha bila haja ni makuruhu. Kumtoza kodi Hamisi na kumwacha kaka yake alale bure, hali wana kipato sawa, ni mlango wa chuki.

Ama tofauti ya haja ni jambo jingine. Yule mzee ana binti pia, aliyeachwa akarudi nyumbani na watoto wawili, na kijana alikuwa akilalamika: "Mbona dada halipi?" Dada hana kazi wala mali, hivyo nafaka yake iko kwa baba, na wanavyuoni wa Kishafii wamesema haiondoki kwa hoja kwamba angeweza kuolewa tena. Kuhusu watoto wake, gharama zao pamoja na makazi ziko juu ya baba yao aliyewazaa. Kama kuna wa kudaiwa kwa ajili ya chumba kile, ni yeye huko aliko. Jambo hili huku pwani tumelizembea mno. Babu mzaa mama analea, na baba mwenyewe anaoa mke mwingine.

Sasa tuje kwenye lililo zito zaidi. Yule mzee, nilipomdadisi, sikuona kuwa ni mtu wa kudai kodi. Korosho zake zilikuwa chache, mpunga umeliwa na mafuriko, na anakopa unga dukani. Huyu ni fakiri! Haki yake kwa mwanawe si kodi, ni nafaka: kijana akishajitosheleza chakula chake na cha walio chini yake kwa siku hiyo, kinachozidi kina haki ya wazazi. Hata kama angekuwa amepanga Mtwara mjini, wajibu ungemfuata huko huko.

Mtu atauliza, kuna tofauti gani, si fedha ile ile? Tofauti ipo. Nafaka ya jamaa hupimwa kwa haja, nayo ikipita siku yake haigeuki kuwa deni ila kwa amri ya kadhi au kwa idhini ya kukopa. Kodi ni deni. Mzee akifa hali anadai kodi ya miezi minane, dai hilo linaingia katika mirathi, na dada zake kijana, wajomba wakiwa nyuma yao, wana haki ya kumdai fungu lao. Wazazi wachache hulifikiria hilo wanapotaja neno kodi.

Wengine hujitetea kwa hadithi aliyoipokea Ibn Majah, kwamba mtu na mali yake ni vya baba yake. Jumhuri ya wanavyuoni hawakuichukua kwa maana ya umiliki, kwani Suratun-Nisaa, aya ya 11, inampa baba sudusi tu pale mwanawe anapokufa na kuacha watoto. Mali ingekuwa yake, angerithi nini?

Kabla ya kuondoka, mzee akataja kwamba kijana amefyatua matofali na anataka kujenga chumba chake pale pale uani. Hapo nikamshika mkono. Anayejenga kwenye ardhi ya kuazimwa, kisha mwenyewe akaitaka ardhi yake, Minhaj inampa mwenye ardhi hiari: aliache jengo kwa kodi, au alibomoe na kulipa kilichopungua thamani. Mzazi akishafariki, hiari hiyo ni ya warithi wote. Basi kabla tofali la kwanza halijawekwa, mama aulizwe kiwanja ni cha nani, waseme ni hiba, ni ariya au ni ijara, na waandike mbele ya mashahidi wawili.

Wallahu aalam.